Soma Kuanzia Juu Kushoto

Alhamisi, 2 Oktoba

Bismillahi. Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri, kidogo tu, kama mtu aliyebisha hodi akaondoka kabla hajafunguliwa. Leo mimi na mume wangu tumepanda kilima cha tangi la maji, na nataka kuliandika hili kabla halijapoa.

Wiki iliyopita daktari wa macho alituambia kwamba presha ya macho imeshakula uoni wa pembeni wa mwenzangu, jicho hili na lile. Dawa ya matone itachelewesha, haitarudisha. "Kilichokwenda kimekwenda, mzee," alisema, kwa upole, Mungu amlipe. Sasa mume wangu anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba: katikati kuna mwanga, pembeni giza, na vitu vya mbali vimefifia kama nguo iliyofuliwa mno. Na huyu ndiye aliyechora mabango ya nusu ya mji huu. Kinyozi, bucha, duka la dawa, gereji, kote umepita mkono wake.

Tulipofika kibarazani kutoka kwa daktari akasema, "Fundi," maana huniita hivyo kwa sababu ya cherehani yangu, "miaka yote nimetazama mbao tu. Mji wenyewe sijautazama. Nataka niuone kabla bomba halijaziba."

Safari za mbali hatuziwezi. Nikamwambia tuanze na hapa karibu. Kumbe hapa karibu kuna mambo! Tumeishi chini ya kile kilima tangu binti yetu niko naye mgongoni, na hatujawahi kukipanda. Kuna kijia cha mafundi wa maji, nyasi mpaka magotini. Ukifika juu mji wote uko chini yako, umetandazwa kama kitambaa mezani kabla mkasi haujagusa.

Nikasema, "Jamani, pazuri!"

Akanikatiza. "Pazuri si habari. Nisomee. Anza juu kushoto, kama kibao, uende mpaka kulia, kisha ushuke mstari."

Basi nikasoma. Juu kushoto, mnara wa simu wenye taa nyekundu. Halafu maghorofa, moja refu kuliko mengine, vioo vyake vinang'aa. Halafu moshi wa kiwanda. Shuka mstari. Mabati, mabati, mabati yenye kutu, paa moja la bluu. Alikuwa anatikisa kichwa kidogo kidogo, kama anayekagua herufi.

Jumamosi, 4 Oktoba

Sare za shule, pindo tupu. Mgongo unauma. Alhamdulillahi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Leo tumepanda ghorofa lisilokwisha, lile nyuma ya soko. Mlinzi wake alikubali baada ya mume wangu kumkumbusha nani aliyemchorea shemeji yake kibao cha saluni. Ngazi hazina ukuta pembeni, nikamshika mkono kama bibi harusi. Kutoka juu tuliona mto. Hatukujua mto wetu una kona nzuri vile, kwa sababu tukiwa chini huwa tunausikia harufu tu.

Wifi yangu, dada yake mkubwa anayeishi nasi, alitungoja mlangoni mikono kiunoni. "Na umri huu mnapanda panda kama mbuzi waliokata kamba. Mtu akianguka, nani atanipikia?"

"Utapika mwenyewe, dada," akasema kaka yake.

"Ndiyo maana nawaombea dua."

Alhamisi, 16 Oktoba

Tuta la reli ya zamani. Si juu sana, lakini unaona migongo ya nyumba, kamba za nguo, watu wanavyoishi wakidhani hawatazamwi. Wifi alikuja nasi, na viatu vya harusi. Alirudi peku. Nilicheka mpaka nikaomba msamaha kwa Mungu.

Alhamisi, 23 Oktoba

Tumepata penyewe.

Ukipita shule, ukaacha barabara na kufuata njia ya malori, unafika kwenye machimbo ya mawe. Wenyewe walishahama; amebaki mama mmoja anayeponda kokoto kwa nyundo, peke yake, chini ya turubai. Alituuliza tunatafuta nini. Mume wangu akamjibu, "Kutazama."

"Kutazama ni bure, mzee. Lakini ukifika kwenye jiwe bapa, simama. Mbele yake hakuna kitu."

Kweli hakuna. Kilima kimekatwa kama mkate. Jiwe bapa liko ukingoni, na chini, mbali sana, kuna maji ya mvua yaliyojaa kwenye shimo, meusi, hayatikisiki. Ng'ambo ya shimo kuna mgongo wa mwamba mtupu, na zamani palikuwa na njia ya kwenda huko, lakini machimbo yameila. Nyuma ya mwamba ule ndiko liliko bonde lote, na mto, na mji wote mpaka unapokwisha. Mstari wa juu niliusoma mara mbili.

"Hapa," alisema. "Kila Alhamisi, Fundi. Mpaka mwisho."

Hakusema mwisho wa nini.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mvua usiku na mchana. Ameshindwa kuona kikombe kilichokuwa mbele yake, kikavunjika. Aliokota vipande mwenyewe, hakutaka nimsaidie.

Alhamisi, 30 Oktoba

Leo nimefanya jambo, na sijui nilipime kwa utepe gani.

Asubuhi alikaa kitandani muda mrefu amegeukia ukuta. Nilipomgusa, mto wake wa kulalia ulikuwa umelowa. Nikajifanya sikuona. Kulikuwa na manyunyu, nami nilitaka tusitoke, lakini akasema nisipompeleka atakwenda kwa kupapasa. Tukaenda. Tope mpaka kwenye vifundo vya miguu, aliteleza mara mbili, na mara ya pili akakaa pale pale kwenye tope akisema, "Basi, na nife nimekaa." Nikamwinua.

Tulipofika kwenye jiwe bapa hapakuwa na kitu. Ukungu. Si mji, si mto, si mwamba. Weupe, kama pamba ndani ya godoro, na sisi tumeshonewa humo humo.

Akajipangusa mikono, akakaa, akainua uso. "Soma."

Nikamtazama. Kope zake zilikuwa na maji ya manyunyu. Nikasoma. Juu kushoto, mnara wa simu, taa nyekundu. Ghorofa refu. Nilisoma kwa kukumbuka, na nikajiambia si uongo, vitu hivyo vipo, vimefunikwa tu. Lakini nilipofika katikati, kwenye ule mwamba mtupu, nilihisi kuna pengo, na yeye hapendi pengo kwenye kibao. Mdomo ukaendelea wenyewe.

"Na pale ng'ambo, juu ya mwamba, kuna nyumba."

Akageuza shingo. "Nyumba? Mbona hukuisoma wiki iliyopita?"

"Ilijificha kwenye kivuli."

"Ikoje?"

"Nyeupe. Ndogo. Mlango wa kijani."

"Kijani gani? Cha mgomba au cha chupa?"

"Cha chupa."

Akatabasamu. Wallahi, tangu tutoke kwa daktari hajatabasamu. "Mtu mwenye akili huyo," alisema. "Kijani cha chupa hakichuji juani. Moshi upo?"

Nikasema upo, kidogo.

Njia ya kurudi ilikuwa fupi kuliko ya kwenda. Nimeomba toba. Lakini nitakwambia ukweli, daftari: niliomba huku nimefurahi.

Jumapili, 2 Novemba

Amemsimulia wifi habari ya nyumba. Wifi akaniuliza, "Pale juu ya mwamba? Wanatoa wapi maji?" Nikasema sijui.

Alhamisi, 6 Novemba

Kumekucha kweupe, jua kali, unaweza kuhesabu mabati. Nilitazama ule mwamba kabla hata hatujakaa. Mtupu, kama kiganja.

Nilikusudia kumwambia. Nilikuwa nimeshayapanga maneno. Lakini alinyoosha kidole kabla sijafungua mdomo, akakinyoosha pale pale, na kusema, "Leo mlango uko wazi, au macho yangu?"

Nikasema, "Uko wazi."

Tulipokuwa tunashuka mama wa kokoto alinivuta kando. "Dada, mzee wako aliniuliza njia ya kwenda kwenye nyumba. Nyumba gani?"

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia hapajawahi kuwa na nyumba pale. Mwamba ule hata choo huwezi kuchimba. Akanicheka, akasema mimi natazama kokoto tu." Akanitazama sana. "Macho si yake tu yanayougua hapa, eti?"

Nikamrudia mume wangu, nikamshika mkono, tukashuka.

Jumanne, 11 Novemba

Amechukua ubao wa zamani, amefungua makopo yake ya rangi, anachora. Hajashika brashi tangu mwezi wa saba. Anapima kwa vidole, anapaka kwa kukumbuka. Nyumba inatoka, nyeupe, mlango wa kijani cha chupa. Anaimba imba. Nimesimamisha cherehani ili nimsikie.

Mungu wangu, nifanyeje?

Jumatano, 12 Novemba

Ubao umekwisha. Nje ya mlango amechora kiti, na kwenye kiti mtu amekaa.

"Huyu ni nani?" nikamuuliza. "Sikukusomea mtu."

"Ulimruka. Alinipungia mkono."

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka.

Jumatatu, 17 Novemba

Kwa daktari. Nilimuuliza faragha, mwenzangu akiwa anatiwa matone kwenye chumba cha pili. Daktari akasema si wazimu wala si jini, mama. Macho yakianza kuzima, ubongo huchora wenyewe mahali palipo tupu. Wengine huona maua, wengine watu. "Hauvumilii ukuta mtupu," alisema. "Haina madhara, ilimradi asiwafuate."

Nilirudi nimetulia. Hata wali niliupika bila kuuunguza.

Alhamisi, 20 Novemba

Mvua. Hatukwenda. Alikaa kibarazani amevaa koti, uso umeelekea upande wa machimbo, tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nilipomwita kula akaitika, "Naja, naja," lakini hakuwa ananijibu mimi. Alikuwa amegeukia mbele.

Jumatatu, 24 Novemba

Herufi zinapanda na kushuka, utanisamehe.

Asubuhi nilitoka kwenda kumpima mteja, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni. Sikukaa, nilipima kifua, kiuno, urefu, nikarudi. Kiti cha mume wangu kitupu. Fimbo yake haipo.

Nikamkuta wifi jikoni anachambua mchele. "Kaka yako yuko wapi?"

Akaniangalia kama niliyerukwa na akili. "Si mmetoka wote?"

"Mimi ndiyo kwanza naingia."

"Wifi, usinifanyie mzaha. Nimekusikia mwenyewe hapo nje. Umemwita, 'Njoo, leo kumetakata.' Akatoka."

Nilisimama na utepe shingoni. Nje ukungu ulikuwa mzito hata mti wa mlangoni huuoni.

Nilikimbia. Sijakimbia tangu nizae. Nilipoteza kiatu kimoja kwenye njia ya malori na sikukirudia. Nilikuwa nasikiliza nyundo ya mama wa kokoto ili nijue nimefika, na nyundo haikulia. Badala yake nikasikia ukelele.

"Jamani watu! Njooni, mikono inachoka!"

Niliwakuta ukingoni. Mama wa kokoto amelala kifudifudi juu ya jiwe bapa, amemshika mume wangu koti kwa nyuma kwa mikono miwili, na mume wangu amesimama mbele ya jiwe, kwenye kipande cha udongo kilichobaki ukingoni, kisichotosha hata sahani, fimbo yake anapapasa nayo hewa. Hakuwa na hofu. Hilo ndilo lililonikata maini. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliye kwenye foleni na zamu yake imekaribia.

Nikajitupa chini, nikashika mkanda wake. "Baba watoto! Rudi nyuma! Hatua moja, nyuma!"

Akasimama wima. Kichwa kikageuka kwangu, kikageuka mbele, kikarudi kwangu.

"Fundi," akauliza taratibu, "uko huku au kule?"

"Niko huku! Niko hapa, nimekushika!"

"Basi kule ni nani?"

Tulimvuta kwa pamoja, tukaanguka sote watatu juu ya jiwe. Fimbo ikatoka mkononi mwake. Nilisubiri kuisikia ikigonga maji, na sikuisikia.

Mama wa kokoto alihema, akatema mate pembeni. "Mzee, una mwili mdogo lakini unakaza kama nyumbu."

"Alikuwa ananisomea," mume wangu akasema. Hakusema na sisi. "Kushoto kidogo. Sasa mbele. Jiwe, inua mguu. Sauti yako, Fundi. Hata kikohozi chako kile cha asubuhi."

Tulimtembeza nyumbani tumemweka katikati. Sikugeuka nyuma.

Jumanne, 25 Novemba

Leo nimesema.

Nilimketisha, nikamwita na wifi awe shahidi, maana nilijua peke yangu nitapindisha. Nikasema, "Nyumba ile haipo. Siku ile kulikuwa na ukungu, sikuona kitu, nikatunga. Nilitaka ucheke."

Wifi akashika mdomo. Yeye hakushika kitu.

"Mlango wa kijani?"

"Nilitunga."

"Moshi?"

"Nilitunga."

"Na mnara wa simu?"

"Mnara upo!"

"Nitajuaje?" alisema. Hakupaza sauti. Laiti angepaza. "Nilikuwa na macho mawili, yakafa. Nikakukopa yako. Sasa nitajuaje, Fundi, kama kuna mji?"

Wifi akajaribu kusaidia: "Kaka, njia ya mwongo fupi, lakini huyu alikudanganya kwa mapenzi."

"Fupi sana, dada. Nusura niimalize jana."

Nikaenda kutawadha, nikauchukua Msahafu kwenye rafu, nikauweka mbele yake na mkono wake nikauweka juu ya wangu. Nikala kiapo. "Wallahi, sitakusomea tena kisichokuwepo, wala sitakuficha kilichopo. Kizuri wala kibaya."

Mkono hakuuondoa.

Ijumaa, 28 Novemba

Ameugeuza ule ubao ukutani. Nilimuuliza wifi tena kuhusu sauti aliyoisikia. Akasema labda ilikuwa redio ya jirani. Jirani redio yake iliharibika kabla ya mvua, na wifi ndiye aliyenipa habari hiyo.

Jumatano, 3 Desemba

Mvua inapungua. Nyumbani tunaongea ya chumvi na sabuni.

Jumapili, 7 Desemba

Amekonda. Wifi ameniambia, "Mtu akikosa la kungojea huanza kungojea lile jingine." Nimemkatalia, kisha nimelia kwenye kitambaa cha mteja, ikabidi nikipige pasi.

Leo asubuhi alinishtua: "Dirishani kuna nini?"

Nikamsomea. Juu kushoto, waya wa umeme. Ndege mmoja, mchafu. Shuka mstari. Ukuta wa jirani umepasuka, na paka anakojoa kwenye ndoo yetu.

"Kwenye ndoo yetu?"

"Ya kufulia."

Alicheka hadi akakohoa. "Huo ukweli," alisema. "Uongo hauna paka."

Alhamisi, 11 Desemba

Mwenyewe ndiye aliyesema twende. Nilisita. Akaniambia, "Nikae ndani kama gunia? Utanifunga kamba ukitaka. Nisomee tu, na usome kila kitu, hata taka."

Kamba nilimfunga kweli, kiunoni, upande wa pili nikajifunga mimi. Mama wa kokoto alitupokea kwa mzaha: "Leo mzee umekuja na breki." Tukakaa nyuma ya jiwe bapa, si juu yake. Mbingu ilikuwa imeoshwa. Sijawahi kuona mbali vile.

Nikasoma kuanzia juu kushoto. Mnara, taa nyekundu, fundi mmoja amening'inia kwenye ngazi zake. Maghorofa, lile refu limevunjika kioo kimoja, wameziba kwa karatasi. Moshi wa kiwanda, leo wa manjano. Mto, umepanda, umebeba mapovu. Jaa la taka, kunguru, mtoto anakimbiza tairi. Nilisoma kwa raha, kila neno nimelikanyaga kabla ya kulitoa. Yeye alikuwa ameegemea bega langu, kichwa kinatikisika kidogo kidogo kama zamani.

Nikashuka mstari. Nikafika katikati.

Ilikuwepo.

Nyeupe, ndogo. Mlango wa kijani cha chupa, uko wazi, na ndani yake kweusi. Moshi kidogo. Nilifumba macho nikasoma Ayatul Kursi yote, sikuruka neno, nikafumbua. Ilikuwepo. Jua lilikuwa linaipiga upande mmoja, na ilikuwa na kivuli chake juu ya mwamba, mahali pake hasa. Nje ya mlango palikuwa na kiti, na mtu amekaa. Alikuwa ametugeukia.

Chini yetu nyundo ya mama wa kokoto ikanyamaza.

Yule mtu akainuka. Aliweka mkono kiunoni kwanza, akangoja kidogo, ndipo akanyoosha mgongo. Mimi huinuka hivyo kwenye cherehani. Akaanza kuinua mkono mwingine.

"Umenyamaza," mume wangu akasema. Shingo yake ilikuwa imekaza. Uso hakuuelekeza kule; alikuwa ameuelekeza magotini, makusudi, kama mtu anayepita mbele ya duka la pombe aliyoiacha. "Pale katikati, Fundi. Soma."

Nilikuwa na kiapo mdomoni. Nilikisikia ladha yake. Nikasema ndani yangu, Ya Rabi, wewe unaona ninachokiona. Na nilihisi kamba kiunoni mwangu imekaza kidogo, kidogo sana, kama samaki anayeonja chambo.

"Mwamba," nikasema. "Mwamba mtupu."

"Kweli?"

"Kweli."

Akashusha pumzi ndefu. Sijui ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo au aliyenyang'anywa. Kamba ikalegea. "Endelea," akasema, na nikaendelea mpaka chini kulia, kwenye viatu vyetu.

Tulipopita kwenye turubai mama wa kokoto alikuwa amesimama, kiganja juu ya macho, anatazama upande ule. Aliniangalia. Sikumuuliza. Niliogopa majibu yote mawili.

Jumamosi, 13 Desemba

Wifi huhudhuria darasa la wanawake kila Jumamosi, kwa hiyo nilimngoja arudi, nikamuuliza kama jambo la kupita: mtu aliyekula kiapo kwa Mungu kisha akakivunja, afanyeje?

"Ana kafara. Alishe maskini kumi, au awavishe. Asiyeweza afunge siku tatu." Akakaza macho. "Nani huyo?"

"Mteja."

Na hapo hapo nikawa nimeongeza uongo wa pili.

Nimefungua kabati nikatoa lile jora la pamba nililokuwa nikiliwekea sikukuu. Kushona ndiyo kazi aliyonipa Mungu, basi nitalipa kwa kushona. Nimekata magauni kumi, mapana, ya kumtosha mtu yeyote. Mume wangu alisikia mkasi kutoka kibarazani.

"Kazi nyingi, Fundi?"

"Nyingi."

"Usijichoshe. Alhamisi tunapanda. Juzi ulisoma vizuri, niliuona mji wote."

Nikasema inshallah. Kisha nikalitandaza tena jora mezani, nikachukua chaki, nikapima mengine kumi, ya Alhamisi.